Askari wa Arobaini na Moja

Zulfikar hakuwahi kuacha kisanduku kitupu kwenye fomu. Ukarani wa reli Nairobi ulimfunza hivyo: fomu yenye pengo bosi aliirusha mezani mbele za watu. Basi makarani wakawa na mtindo wao. Usipojua jibu, jaza chochote kwa penseli, kisha utafute la kweli na uliandike kwa wino. Mtindo huo alikuja nao London mwaka 1968, pamoja na mkewe Zainab na masanduku mawili, wakikimbilia kuingia kabla Waingereza hawajawafungia Waasia wa Kenya mlango.

Walipanga nyumba Tooting, mtaa wa kusini mwa London. Siku za kazi Zulfikar alibandika lebo katika stoo ya kiwanda cha betri. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alivaa tai, akapanda treni hadi maktaba moja ya nyaraka za kale, akainamia maandishi ya Kiajemi, lugha ambayo babake alimfundisha kwa fimbo. Alichokipenda ni madaftari ya Mir Bakhshi, mkuu wa ofisi ya jeshi la wafalme wa Moghuli kule India. Wengine wapende wafalme na tembo wao. Yeye alipenda makarani. Ofisi ile iliandika uso wa kila askari: paji, nyusi, makovu, chunjua. Kila farasi alipigwa chapa ya moto pajani. Yote hayo ili siku ya ukaguzi mtu asije na farasi wa kuazima akadai ni wake.

"Hawa walikuwa wenzangu," alimwambia Zainab.

Miaka saba alitafsiri kwa Kiingereza daftari moja lenye askari mia tatu. Kila Jumapili alikuja rafiki yake Chandrakant kunywa chai na kusikiliza. Huyu alikuwa mwalimu wa historia Nairobi, na sasa alifundisha chuo kimoja kusini mwa mji. Mmoja Mpunjabi, mwingine Mgujarati, walizungumza Kiswahili kama walivyozoea tangu huko. Kiajemi Chandrakant hakujua hata herufi moja.

"Zulfikar bhai, hii ni book kabisa," akasema siku moja. "Nipe notebooks niende nazo. Publisher namjua. Jina lako na langu, side by side."

"Bado kuna mapengo, Mwalimu."

"Mapengo tutaziba. Kwani huniamini?"

Alimwamini. Walikuwa wametetemeka pamoja katika baridi ya mwaka wa kwanza, wakigawana makoti. Ila pengo moja lilimkera: askari wa arobaini na moja. Wadudu walikuwa wamekula karatasi pale palipoandikwa uso wake. Kwa mazoea yake, Zulfikar alikuwa amejaza kwa penseli, katika tafsiri yake, uso uliokuwa karibu, wake mwenyewe, alivyouona kwenye kioo cha dirisha la maktaba: nyusi zilizoungana, kovu la moto chini ya jicho la kushoto, kidole kidogo cha mkono wa kulia kisicho na ncha. Ncha hiyo ilibaki kwenye mlango wa behewa Nairobi. Alikusudia kutafuta jibu la kweli katika nakala nyingine ya daftari lile. Lakini Chandrakant aliondoka na madaftari ya tafsiri, na Jumapili zake zikakoma.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 1977 ukaja mwaliko: kitabu kinazinduliwa kwenye ukumbi mdogo pale pale Tooting. Zainab alikuwa na zamu hospitalini alikofanya kazi, asingeweza kwenda. Alimnyooshea mumewe kola ya suti na kumwambia, "Ukifika, tazama jina kwanza."

Alitazama. Jaladani lilikuwepo jina moja, la Chandrakant. Akafungua ukurasa wa shukrani. Walishukuriwa wakutubi. Alishukuriwa Kalpana, mke wa mwandishi. Alishukuriwa hata mpigataipu aliyenakili kutoka fotokopi. Zulfikar alisoma ukurasa ule mara tatu. Miaka saba! Na mkutubi ambaye kazi yake ilikuwa kufungua dirisha yumo.

Kisha Chandrakant akasimama, akarekebisha miwani, akasoma kwa sauti ya kutoa machozi. Alisoma habari za askari wa arobaini na moja. Alieleza kwamba kovu lile chini ya jicho lilitokana na mzinga, na kwamba kidole kilikatwa na upanga katika vita. Mama mmoja akafuta macho. Kwenye fotokopi, penseli na wino vilikuwa rangi moja; hakuna aliyejua kuwa uso ule ulikuwa wa kujazia tu.

Zulfikar alipanga foleni ya kutiwa sahihi, nakala yake mkononi. Zamu yake ilipofika, Chandrakant alikuwa ameinamia kalamu.

"To whom?" akauliza bila kutazama.

Zulfikar aliweka mkono wake wa kulia juu ya ukurasa. Chandrakant akakiona kidole. Akainua macho taratibu, akaliona kovu, akaziona nyusi.

"Zulfikar bhai," akanong'ona, "tafadhali. Si hapa. Nitakupigia simu."

"Mimi nilitaka jina tu, Mwalimu. Vitani sikuenda."

Chandrakant alitazama foleni nyuma ya Zulfikar. Akaandika haraka, kwa Kiingereza, "Kwa msomaji mpendwa", akafunga kitabu na kumwita anayefuata.

Nyumbani Zainab alikuwa amesharudi, hajavua hata koti.

"Jina limo?"

Zulfikar aliweka kitabu mezani, akaketi.

"Jina halimo," akasema. "Uso umo."