Kona za Reli ya Voi

Mwanangu, iko siku moja siisahau, ingawa tarehe yake imenipotea. Ni siku babu yangu alipoufichua uwongo wangu mbele ya watu wa Wambaa, nami nimekaa barazani nje, nasikia kila neno.

Nilikuwa natafuta mke. Binti mwenyewe ni Riziki, mtoto wa Mzee Faki. Kaka yake, Kombo, tulijuana kambini msimu wa karafuu. Kombo alipenda kuutaja ukoo wao, jina baada ya jina, mpaka wale waliozikwa kabla msikiti wao haujajengwa. Wangu mie hapa Pemba unaanzia kwa babu tu, aliyekuja kutoka bara kuchuma karafuu. Nikaona nitadharauliwa. Nikamwambia Kombo kwamba babu, kabla ya kuvuka kuja huku, alikuwa dereva wa treni.

Kisiwani kwetu hakuna reli hata ya dhiraa moja, na Wambaa ni mbali na kwetu Msuka, nikadhani hakuna wa kuniuliza. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu ilifika Wambaa kabla yangu.

Kwa mila, mwenye kuoa haendi kwenye posa. Lakini macho ya babu yalikuwa yameingia ukungu, ikabidi nimshike mkono mpaka mlangoni. Akaingia yeye na ami yangu, nikabaki nje. Salamu zikapita, kahawa ikapita, kisha Mzee Faki, kwa heshima zote, akauliza jambo ambalo nadhani lilimkereketa tangu aliposikia habari.

“Mzee wangu, hebu twambie. Hilo treni likifika kwenye kona, mwalipindaje?”

Jasho likanitoka. Nikasikia kicheko cha babu cha puani.

“Dereva halipindi,” akasema. “Hana usukani. Huongeza mwendo, hupunguza, basi. Kwenye kona treni hufuata reli ilivyolazwa. Na mie sikuwa dereva, bwana. Mie nikibeba mataruma. Kona zile tulizipinda sisi, kwa mitaimbo na mabega.”

Mataruma ni yale yanayolazwa chini kuishika reli. Kama yalikuwa ya mbao au ya chuma sina hakika. Babu alisema chuma, ami akisema mbao, na mie sikuwako.

Akawaeleza yote. Vita vile vya kwanza, vya Waingereza na Wajerumani, Mwingereza alitaka kupitisha askari na mizinga kutoka Voi kwenda Taveta. Reli ikakatwa nyikani haraka haraka, maji yakiletwa kwa mapipa, mpaka ikaungana na ya Wajerumani kule Kahe, ile itokayo Tanga kwenda Moshi. Kwa haki niandike kama alivyosema: haikujengwa kwa ajili yetu. Na hawakuijenga watu weusi peke yao, Wahindi walikuwako wengi. Yeye mwenyewe hakufika Kahe. Aliugua Maktau, katikati ya njia, akarudishwa. Lakini vita vilipokwisha, mtu aliweza kupanda Mombasa akashuka Tanga bila kugusa bahari, na sehemu ya njia hiyo imepita juu ya kazi ya mikono yake. Alilisema hilo bila kupandisha sauti.

Mzee Faki akauliza, basi nani aliyesema dereva?

“Mjukuu wangu, huyo hapo nje. Si kijana mbaya, na kazini hategi. Ila hili kaongopa, siwezi kumfichia.”

Nikaitwa ndani. Sikujua pa kuyaweka macho.

“Babu yako nimemkubali,” akasema Mzee Faki. “Wewe bado. Rudi msimu mwingine, uje kutwambia mwenyewe babu yako ni nani.”

Nikitoka, Kombo alikuwa mlangoni. “Kwaheri, dereva,” akasema. Jina hilo lilinikaa mwaka mzima.

Njiani babu hakugomba. Alisema tu, “Umenipa kazi ya mtu kwa kuwa yangu umeionea haya. Na wenzangu niliowaacha makaburini Maktau, hao utawapa kazi gani?”

Nikaushika mkono wake, tukaendelea na njia.

Msimu uliofuata nilirudi Wambaa. Nilisema yote mbele ya wazee, hata lile la kwamba hakufika Kahe, ambalo nafsi yangu ilitaka kuliruka. Kufika mwisho nikajikuta naringa, mwanangu, kwa ukweli mtupu. Riziki nikapewa.

Mie nimesoma kidogo, huenda wapo wa kulieleza hili vizuri zaidi. Nasaha yangu ni hii. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na usisafirie nyota ya mwenzio. Kama unachimba mtaro, sema unachimba mtaro, na uuchimbe uwe wa kutajika. Wazee wako uwasifu kwa walichokifanya, usiwaongezee, maana ukiongeza umewaambia watu kwamba chao hakikutosha. Na watajwe wenzao pia, hasa waliokufa bila kuacha mjukuu wa kuwasemea.

Mola akupe kazi ya halali na ulimi usioionea haya. Akujaalie na kizazi kitakachokutaja kwa haki, bila kuzidisha wala kupunguza. Amina.