Kipenga cha Bweni la Chini

Wifi akisifiwa, wapo wanaofurahi, na wapo wanaochekelea usoni huku roho inawachoma. Mama Kipenga, matroni wa bweni la chini pale chuoni, alikuwa wa hao wa pili, wala hakujificha sana.

Wifi yake mwenyewe, dada wa mumewe, ndiye alikuwa matroni wa bweni la juu, kule mlimani kwenye vyumba vipya. Mvua ikizidi, utaratibu ulikuwa mmoja: Mama Kipenga azime umeme, apulize kipenga, wasichana wake washike kamba ndefu yenye mafundo na kupanda wote kwa wifi. Huko walipokewa kwa chai ya moto na "karibuni wanangu", wakirudi ni shangazi hivi, shangazi vile. Wengine hawakurudi kabisa, waliomba kuhamishwa.

"Mimi nawauguza homa, nazibua vyoo vyao," alimlalamikia mumewe. "Yeye kikombe kimoja cha chai, basi, keshakuwa mama!"

Mumewe, aliyejua hatari ya kuingia kati ya mke na dada, aliomba chumvi.

Mwaka huo mto wa nyuma ya bweni ulifurika mchana kweupe, wasichana wakiwa vyumbani wanajisomea mitihani. Mlinzi wa lango alikuja mbio, suruali imekunjwa.

"Matroni, toa watoto! Mto unavuka kingo!"

"Nina macho," alijibu.

Macho alikuwa nayo, lakini alichokiona ni wifi yake akibandika birika. Kijicho kikamshika mkono. Umeme aliuzima, hilo hakulisahau. Kipenga akakiacha kining'inie shingoni, akaamuru magodoro yapandishwe vitanda vya juu.

"Haya maji ya kunawa miguu tu," alisema. "Leo hatuendi kuombaomba chai kwa watu."

Akajifungia ofisini, akapanga mafaili yake juu ya kabati. Maji yakapenya chini ya mlango, yakafika vifundoni, yakapanda. Kutoka mlimani akasikia kipenga cha wifi yake, mara moja, kisha tena, kirefu. Mama Kipenga akasaga meno. Haya, alijisemea, sasa watamkimbilia wote, na mimi nibaki na mafaili.

Alipofungua mlango, hakuna aliyekuwa ameondoka. Walikuwa wamejipanga wawili wawili ukumbini kama alivyowafundisha, mabegi kichwani, maji magotini, kila mkono umeshika fundo lake la kamba. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Tangu siku yao ya kwanza aliwaambia, kwa ukali wake ule ule, kwamba hapa mtu hatoki mpaka asikie kipenga changu, cha mwingine hamkijui.

"Mama, bado?" aliuliza wa mbele, mdogo wa umbo, machozi yanamtiririka.

Hofu iliyompata ilikuwa haijawahi kumpata maishani. Alipuliza kipenga mpaka kikajaa mate. Nje maji yalifika kiunoni, yanavuta. Katikati ya njia yule mdogo aliteleza, akazama mpaka kichwa, akaning'inia kwenye fundo lake hadi wenzake wakamwinua. Mama Kipenga alipanda wa mwisho, na nyuma yake ukuta wa bafu ukaanguka.

Juu, alihesabu vichwa mara tatu. Wote walikuwapo.

Wifi yake akamtia kikombe cha chai mkononi, midomo ameibetua.

"Nimepuliza mpaka mbavu zinaniuma, asitokeze hata mmoja! Hivi wifi, watoto hawa unawapa nini?"

Mama Kipenga aliijua sauti ile. Ilikuwa gere tupu, na miaka yote alikuwa akiomba aisikie kwenye koo lile. Pembeni yake yule mdogo alikuwa bado anatetemeka, kamba hajaiachia.

Akaweka kikombe chini.

"Leo, wifi, kidogo niwape kaburi."