Ramani Isiyo na Mhuri

Mtaa mzima ulimwita Bwana Rula, na hata mkewe alikuwa amelizoea jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita alichora ramani za nyumba katika chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, mezani kwake penseli tano na kifutio kilichobaki ukubwa wa punje ya mahindi. Cheti hakuwa nacho. Kazi aliiokota kwa macho enzi za ujana, alipokuwa mbeba mafaili wa mhandisi.

Waliojenga vyumba vya kupangisha walimpenda kwa kuwa hakuwa na maringo. Ubishi wake ulikuwa kwenye mambo mawili tu: njia ya maji ya mvua, na ngazi. Mteja akitaka kubana ngazi apate chumba cha ziada, alimwuliza mama yake akizeeka atampandisha juu kwa mgongo au kwa winchi.

Kisha ghorofa moja ikaporomoka upande mwingine wa mji, watu wakazika siku tatu mfululizo. Halmashauri ikaleta kanuni: hakuna kujenga bila ramani yenye mhuri wa msanifu aliyesajiliwa. Kwenye mkutano wa kata ofisa aliuliza nani anaunga mkono, na Bwana Rula akanyoosha mkono. Jirani akamnong'oneza kwamba sheria ni msumeno, na yeye ameukalia. Alicheka, lakini mkono hakuushusha. Alikuwa amekwenda kukiona kile kifusi kwa macho yake.

Alidhani wateja wake wangehamia kwa wasanifu. Haikuwa hivyo. Wasanifu waliosajiliwa walikuwa wanne mji mzima, na ramani ilizunguka ofisi hadi ofisi mwaka ukaisha. Wenye haraka walivuka daraja, ambako mamlaka ya halmashauri yaliishia, wakajenga kwa maneno ya mdomo. Mji ukavimba upande huo.

Mmoja wao alikuwa mume wa dada yake mdogo, mpiga lipu aliyedunduliza maisha yake yote akapata kiwanja. Alitaka vyumba kumi na viwili, sita chini na sita juu. Akaja na karatasi tupu.

"Shemeji, nichoree tu. Kule hakuna anayeuliza mhuri."

"Ndiyo maana sichori," alisema Bwana Rula. "Niliunga mkono mbele ya watu. Leo nichore kwa kificho?"

Shemeji alikunja karatasi yake, akaaga kwa adabu, akaenda kujenga kwa kukadiria.

Vyumba vilijaa wapangaji kabla rangi haijakauka. Mwenye nyumba na mkewe walichukua kimoja cha juu. Mwezi wa nne dada mtu alikuwa anashuka na beseni la nguo, mguu ukakosa kidato. Nyonga ilivunjika. Alilala hospitali wiki kumi, akatoka na gongo ambalo daktari alimwambia alizoee.

Bwana Rula alikwenda na futi yake, akapima zile ngazi peke yake. Kidato cha kwanza kilikuwa kifupi, cha tatu karibu mara mbili yake, na pa kushikia hapakuwepo. Alikaa hapo chini muda mrefu, wapangaji wakimpita kwa kujibanza ukutani.

Mwaka uliofuata halmashauri ikasogeza mpaka wake ng'ambo ya daraja. Wenye majengo wakapewa siku tisini kupeleka ramani zenye mhuri, la sivyo wabomolewe. Shemeji akarudi, safari hii bila karatasi, akamwomba achore nyumba kama ilivyo ili msanifu agonge mhuri. Ila kwenye ngazi, alisema, aandike vipimo vya kanuni.

Bwana Rula alichora siku nne. Alipofika kwenye ngazi penseli ilisimama. Akaandika alichopima.

Msanifu alizitazama zile namba na kuirudisha ramani bila mhuri. Tingatinga lilikuja Jumanne asubuhi. Wapangaji walibeba magodoro yao wakasonga mbele, nje ya mpaka mpya, ambako wengine walikuwa tayari wanachimba misingi. Shemeji akawafuata kutafuta kazi ya lipu. Tangu siku hiyo hajamsalimia Bwana Rula.

Dada alihamia kwa kaka yake, chumba cha mbele. Jioni moja, wifi yake akiwa jikoni anaosha vyombo, dada alisema kwa sauti ya chini, bila hasira:

"Kaka, ulipoombwa mchoro wa kujengea ulikataa. Ulipoombwa wa kutuokoa, ukachora wa kutubomolea."

Kanuni ilikuwa sahihi, na vipimo vilikuwa sahihi. Bwana Rula alimwona dada yake akinyoosha mguu mbovu kwa mikono miwili, akainuka kumwekea mto chini yake.