Hiliki Mfukoni

Daktari wa sukari wa Nizwa alinisifu. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema kwa Kiarabu kwamba tokea aanze kunitibu hajapata kuiona sukari yangu imetulia namna hii, na kwamba hicho ninachokifanya, niendelee nacho hivyo hivyo. Binti yangu, aliyekaa ubavuni pangu, aliinamisha uso. Mimi nikasema alhamdulillahi, kwa sababu ndicho kinachosemwa. Sikumwambia daktari kwamba ninachokifanya ni kufiwa na mke.

Marehemu alipigana na sukari yangu kwa miaka ishirini, na mimi nilipigana naye. Nimezaliwa Unguja, katika nyumba iliyokuwa haipitishi siku bila ya visheti au vileja. Nikaja Oman kijana, nikaikuta halwa, nikaona Mungu hajanitupa. Nilipoambiwa nina sukari nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na mke wangu akashika funguo za kabati. Nyumbani sikuonja kitu. Lakini kila Ijumaa, nikitoka msikitini kwetu Ibra, nilipitia duka la halwa, nikala kibakuli kimoja nimesimama kama mwizi, nikazisafisha ndevu kwa maji, kisha nikatafuna hiliki mbili tatu mpaka mlangoni. Hiliki huondoa harufu ya kila kitu. Mke wangu alinipokea kofia yangu, tukaamkiana, hakusema neno. Nikajiona mjanja.

Alipolazwa, na sote tukajua kwamba harudi, nilikaa kitandani kwake nikamtaka radhi kama inavyompasa mtu. Nilimtajia ukali wangu, safari nilizomwacha na watoto wadogo, maneno niliyomwambia siku ya msiba wa mama yake. Akasema, "Nimekuridhia, Bwana, dunia na akhera." Halwa sikuitaja. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini nani anayemwambia mgonjwa mahututi habari za halwa? Nikaona haya, nikanyamaza. Akafa nami nimembakishia uongo mmoja wa miaka ishirini.

Tokea hapo sijaweza kulipitia lile duka. Watu wa mtaani wanadhani nimepata akili uzeeni. Sina akili yoyote. Nina kitu kimekaa kifuani, na kitamu chochote kikigusa ulimi wangu kinakichokoa.

Basi tulipotoka kwa daktari, mvua ilikuwa ikimwagika. Ilikuwa Alkhamisi. Tulimpitia mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayesoma chuo pale Nizwa, ili tumrudishe nyumbani kwa mapumziko ya wiki. Hatukufika mbali. Askari walikuwa wameshafunga barabara, wadi, bonde la mto, linateremka na matope na miti mizima, wakatwambia turudi nyuma tungoje maji yapungue. Binti yangu akageuza gari, akaja kusimama mbele ya kibanda kimoja kilichopakwa rangi ya waridi, na mjukuu wangu akapiga makofi.

"Babu, hapa ndio ile ya Korea! Lazim uonje."

"Wakorea wametoka kwao mpaka Nizwa kuja kutufanya nini?"

"Wakorea hawapo, Babu. Hawa banati wa Bahla."

Binti yangu akapiga honi, na msichana wa Bahla akaja na mwavuli mpaka dirishani, abaya lake limerowa hadi magotini. Mjukuu wangu akaagiza kwa maneno ambayo hata Kiarabu hayakuwa.

Kwanza kilikuja kibakuli cha vidole vya mchele katika mchuzi mwekundu wa pilipili. Vinanata. Nilitafuna kimoja mpaka taya likaniuma, nikauliza kama wametulisha chakula au gundi. Kisha soseji ya kuku kwenye kijiti, imevingirishwa unga, imekaangwa, halafu juu yake wamenyunyiza sukari. Sukari juu ya soseji! Mjukuu wangu akacheka mpaka akapaliwa. Ikafuata barafu ya maziwa iliyochunwa laini kama unga, juu yake vipande vya embe, naye akaila peke yake huku akitetemeka kwa baridi.

Binti yangu hakula. Alikuwa akinitazama mimi.

"Onja na kitamu, Baba," akasema. "Daktari kakusifu. Na tokea Mama afariki sijakuona ukila kitu ukakifurahia. Umekonda."

Akanipa mkate wa moto ulioumbwa kama samaki, una magamba na mkia.

"Hii samaki lakini mwiba hakuna," akasema mjukuu wangu.

Nikamng'ata kichwa. Ndani yake mlikuwa na maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Nikasita. Kwetu sisi maharage ya sukari si kitu kigeni, mke wangu akiyapika na nazi kila Ramadhani, anayawekea wageni na watoto, na mimi ananiwekea ya chumvi katika kibakuli changu mbali. Hapo nilipo nikamla yule samaki wote, na mkia. Alikuwa mtamu, na machozi yalikuwa yananitoka, na mvua inapiga juu ya gari kwa kishindo, kwa hivyo nilidhani hapana anayenisikia.

Nilipomaliza nilijifuta ndevu, nikatia mkono mfukoni, nikatoa hiliki nilizozoea kutembea nazo, nikaanza kutafuna.

"Baba," akasema binti yangu, "unafanya nini?"

Mkono ulikwenda wenyewe. Mke wangu yuko kaburini miezi tisa, na mimi nilikuwa najitayarisha kumficha.

Binti yangu akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio. "Mama alikuwa akijua," akasema.

"Akijua nini?"

"Halwa. Kila Ijumaa. Akitwambia, baba yenu akiingia ananukia hiliki, basi keshakula. Wekeni maji ya uji, usiku hapikwi wali."

Uji nilikuwa naujua. Nani asiyeujua? Kila Ijumaa usiku, watu wa nyumba wakipasha biriani ya mchana, mimi nilikorogewa uji wa wimbi, hauna sukari, una chumvi kidogo. Nilikuwa nikigomba. Na mke wangu akinambia, "Tumbo langu leo halitaki kizito, Bwana. Nisaidie tunywe uji, nisinywe peke yangu." Nikamhurumia kwa tumbo lake, nikanywa naye.

"Tumbo lake halikuwa na kitu," akasema binti yangu. "Na uji wa wimbi alikuwa haupendi tokea mdogo. Nilimuuliza, Mama, kwa nini humwambii tu? Akasema, 'Nikimwambia ataona haya, na mtu mzima akiona haya hujificha zaidi. Mwache aniibie, maadamu anarudi kwangu.'"

Mjukuu wangu aliweka chini kijiko chake. Maji yalipopungua, askari wakatupungia mkono tupite.

Tulifika Ibra magharibi imeshaadhiniwa. Nikasali, na baada ya salamu nikamtaka radhi mke wangu, nikaitaja halwa kwa jina lake, waziwazi, kwa sauti, jambo nililopaswa kulifanya akiwa na masikio ya kunisikia. Binti yangu akaja kuniuliza nile nini, kuna wali na kuku. Nikamwambia anikorogee uji wa wimbi.

Akaniletea. Akauliza anitilie sukari kidogo, maana daktari kasema niko vizuri. Nikamwambia hapana. Nikaunywa polepole, nikakwama katikati, kwa sababu uji ule ni mbaya, Mungu anisamehe, haujapata kuwa mtamu hata siku moja. Na Ijumaa zote zile yeye alikuwa akiumaliza kabla yangu, anafuta midomo, anasema alhamdulillahi.