Betri za Babu

Enzi zetu betri haikutupwa. Ilichoka, ikapumzishwa, ikarudishwa kazini. Ninyi mliokulia Karagwe miaka ile baada ya vita vya Amin mnajua ninachosema. Jua likishapanda juu ya migomba, betri zilianikwa uani pamoja na kahawa, na mtoto mmoja akawekwa pale kuzilinda na kuku. Zikipata joto zilirudi kwenye redio, zikasema taarifa ya habari mpaka katikati, kisha sauti ya msomaji ikafifia tukabaki tunabishana alikuwa anaelekea kusema nini. Tulizing'ata kwa meno. Tulizitoboa kwa msumari tukazinywesha maji ya chumvi. Sabuni ilikuwa haipatikani, sukari haipatikani, betri ndiyo usiseme.

Redio yetu ilikuwa redio-kaseti, nayo ilikuja kijijini kwetu Bweranyange begani mwa Baba Mdogo aliporudi kutoka Uganda, amekonda, koti la jeshi linampwaya. Hakuna aliyemwuliza ameitoa wapi. Bibi alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba mwenye redio amerudi, akaingia jikoni kumenya ndizi.

Lakini leo sitaki kusema habari za vita. Nataka kusema habari za Babu na enanga yake.

Kwa asiye wa kwetu, enanga ni ubao mrefu uliochimbwa katikati mfano wa sinia, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe unaokwenda na kurudi toka kichwani hadi miguuni mwa ubao, mpaka uzi mmoja unakuwa nyuzi nyingi. Mpigaji huulaza mapajani, akaimba huku anaongea, akaongea huku anaimba. Babu alikuwa mpigaji aliyeitwa hadi ng'ambo ya vilima. Kisha akabatizwa ukubwani. Wazee wa kanisa wakamwambia enanga na rubisi, pombe ya ndizi, ni ndugu, palipo na moja na nyingine haikosi, achague. Babu alichagua bila ugomvi. Aliitundika enanga jikoni, juu ya moshi, ili wadudu wasiile. Mimi nilipozaliwa niliikuta pale, nyeusi ti, na nilidhani ni sehemu ya nyumba.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Tanga. Alitutaka tutunge sentensi kwa neno "nanga". Mimi, kwa furaha ya kukutana na neno la nyumbani, niliandika kwamba babu yangu aliacha kupiga nanga alipobatizwa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akanipiga kosa kubwa kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Nanga haipigwi. Nanga hutiwa majini." Darasa zima tulikuwa hatujaona bahari hata kwenye picha. Nilirudi kwa Babu nimenuna, nikamweleza kuwa kwa watu wa pwani nanga ni chuma kizito cha kuzuia chombo kisichukuliwe na maji. Babu alifikiri sana. Akasema, "Basi mwalimu wako hajakosea sana."

Alikuwa mtu wa taratibu, Babu. Neno lake lilikuwa "mpora", yaani polepole, kwa Kinyambo chetu. Ukimwaga maji, mpora. Ukila senene kwa pupa hadi miguu yao ikakukwama kooni, mpora. Hata siku nyumba ya jirani ilipowaka moto alitoka na mtungi wake wa maji akisema mpora, mpora, na nasikia ndiye pekee aliyefika bila kumwaga. Kuimba kwake kulikuwa hivyo hivyo. Wakubwa walisema Babu alikuwa anaweza kulitaja jina la mtu mmoja, akaliacha likae, ukamaliza kutafuna akamwani yako, punje moja ya kahawa, kabla hajakutajia mtoto wake.

Majina hayo ndiyo yaliyomsumbua Baba Mdogo. Wimbo mkubwa wa Babu ulikuwa wa kibanja chetu, yaani shamba la migomba na nyumba yake: nani alifyeka pori, nani alipanda mgomba wa kwanza, nani aliolewa akaja na mbegu gani kutoka kwao, mpaka kizazi cha Babu na watoto wake. Hakuna mwingine aliyeujua wote. Na vitani Baba Mdogo alikuwa ameona watu wanaondoka na kila walichokijua. Akamwendea Babu na redio.

"Tata, niimbie ule wimbo humu ndani."

"Nimeacha, mwanangu. Unajua nimeacha."

"Uliacha kuwapigia walevi. Hii ni mashine. Mashine hainywi rubisi."

Babu alitazama redio, akatazama jikoni alipokuwa Bibi, Mkristo asiyecheka na dhambi. Bibi aliondoka akarudi na kitambaa chenye mafuta ya samli, akashusha enanga mwenyewe na kuanza kuifuta masizi. Hakuna siku nimempenda Bibi kama siku ile.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Betri zilikuwa zimeota jua tangu asubuhi. Tuliambiwa tusikohoe, tusijikune, kuku wakafukuzwa hadi kwa jirani. Baba Mdogo akabonyeza vifungo viwili kwa pamoja, Babu akaanza. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote mafupi, na sikuwa namjua. Sauti yake ilikuwa nene, ya chini, unaisikia kwanza kifuani ndipo uisikie masikioni. Katikati ya wimbo, kengele ya kanisa ikalia kuita kwaya. Haikuwa kengele hasa, lilikuwa rimu la lori bovu lililotundikwa kwenye mkaratusi na kugongwa kwa nondo. Babu akanyamaza kwa heshima, mkono juu ya nyuzi. Akasema, "Mpora. Watu wa Mungu wanaitana." Rimu lilipotulia, akaendelea pale pale alipoachia.

Baadaye Baba Mdogo alirudisha nyuma utepe tukasikiliza. Babu aliinamisha kichwa. "Kumbe nina sauti ya baba yangu," akasema, na machozi yakamlengalenga. Hatukuwahi kumwona hivyo.

Mwaka uliofuata, kabla kahawa haijaiva, tulimzika.

Babu alikuwa na binti mmoja tu, Shangazi Paulina, aliyeolewa Kamuli, huko Kyerwa. Siku hizo Kyerwa ilikuwa bado ni Karagwe, lakini kufika kwetu kutoka Kamuli kulikuwa safari ya miguu na lori la kahawa, ukibahatika. Wakati Babu anaimba Shangazi hakuwepo. Matanga yalipoisha akasikia kwamba iko kaseti. Akarudi kwao, akauza kuku, akatafuta betri mpya kwa watu wa magendo, betri mpya kabisa zenye karatasi yake, akaja nazo amezifunga kwenye kitenge. Alisema baba yake hawezi kusikilizwa kwa betri za kuanika. Tukakaa. Baba Mdogo akaziweka kwa mikono miwili.

Ikatoka sauti ya mtoto.

Ilikuwa enanga ya haraka, kama mvua kwenye bati, na juu yake kitoto kinataja mababu mbiombio. Hata "mpora, mpora" yake ilikuwa inakimbia. Sisi watoto tuliangua kicheko, tukafukuzwa nje. Tukachungulia mlangoni: Shangazi alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Nimetoka Kamuli kumsikiliza baba yangu, mmeniwekea mtoto. Akikua mniite." Akaondoka bila kula.

Ni Baba Mdogo aliyegundua, baada ya siku kadhaa. Siku ya kurekodi betri zilikuwa zimechoka, mashine ikawa inavuta utepe mpora kuliko kawaida, na kila kitu kikaingia kwa mwendo huo. Ukiusikiliza kwa betri zilizochoka vilevile, Babu ni Babu. Ukiweka betri zenye nguvu, utepe unakimbia, Babu anakuwa mtoto. Toka hapo nyumba yetu ilikuwa na kopo la betri zilizokaribia kufa. Zilikuwa hazichezewi. Bibi alizitunza chini ya kitanda na kuziita betri za Babu, na jioni ya Jumapili aliweza kuzionja kwa ulimi akasema hizi bado zina kiburi, ngojeni.

Shangazi tulimtumia ujumbe mara nyingi. Alikuwa na watoto wadogo, mume mgonjwa, kibanja cha kulima. Na alikuwa ameumia. Kabla hajapata nafasi, redio ilianza kutafuna utepe. Tuliusokota kwa kalamu, tukauunga kwa gundi ya karatasi, ukatafunwa tena. Baba Mdogo akaogopa, akaupeleka Bukoba kwenye duka la kunakili kaseti. Kule mashine ilikuwa ya umeme. Nakala ikatoka safi, haina mikwaruzo, na Babu ndani yake ni mtoto moja kwa moja. Utepe wa kwanza ulikatika muda si mrefu, na redio ya vitani ikafa; redio zilizofuata, betri zikichoka zilizima tu, hazikupunguza mwendo. Bibi naye akatuaga miaka ya tisini, kopo lake likiwa bado chini ya kitanda.

Basi tukaishi na Babu mtoto. Uchungu wake sikuujua mpaka nilipokuwa mama mwenyewe.

Mwaka jana binti yangu Kemilembe alikuja likizo. Yeye ni mtu wa kizazi hiki cha simu: ana nyimbo maelfu na hajui hata mmoja hadi mwisho. Nikimtumia ujumbe wa sauti, anausikiliza kwa kuukimbiza ili mama amalize upesi. Nimemwambia mara ngapi kwamba sisi tulihangaika nusu ya maisha kumpunguza mwendo mtu mmoja, na ninyi mnawakimbiza wazazi wenu kwa hiari. Alicheka, lakini aliichukua kaseti. Akaihamishia kwenye simu, akasema mwendo unaweza kupunguzwa.

Kumbe taabu ndiyo ilianza. Upunguzwe mpaka wapi? Baba Mdogo, sasa mzee mwenye mkongojo, akasema shusha. Mimi nikasema umezidisha, hilo ni dubwana. Akasema shusha tena. Enanga yenyewe haikuweza kutusaidia, uzi wake ulikatika zamani, na hata ingekuwa nzima, enanga hukazwa kufuata koo la anayeimba siku hiyo. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Niliona tunataka kumtengeneza Babu tunayemtaka sisi, tumpelekee Shangazi, mtu wa miaka mingi sasa, na yeye kwa kutuhurumia aseme ndiye.

Kemi akauliza, "Mama, na huyu anayegonga kikombe katikati ni nani?"

"Siyo kikombe. Ni rimu la kanisa."

Tukatazamana.

Kanisa letu sasa lina vipaza sauti vinavyosikika vilima vitatu. Lakini rimu lipo, limekula kutu, mkaratusi umekua ukameza nusu ya mnyororo wake. Tulimwomba mzee wa kanisa ruhusa, akaligonga yeye mwenyewe. Kemi akaichukua sauti ile kwa simu, akakaa kwenye majani akamshusha Babu kidogo kidogo, mpora, mpora, mpaka rimu la kwenye wimbo na rimu la kwenye mti yakawa rimu moja. Akaondoa kidole, akaacha iimbe. Baba Mdogo alishika mkongojo kwa mikono miwili akalia waziwazi, pale pale nje ya kanisa lililomnyang'anya baba yake enanga.

Nikapiga simu Kamuli. "Shikamoo, Shangazi. Baba yako amekua."

"Mleteni," akasema.

Tulikwenda kwa bodaboda, asubuhi, na tulifika kabla ya chakula cha mchana, safari ile ile iliyomchosha yeye ujanani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Tukaiweka simu mezani, karibu na sahani ya akamwani, na Babu akaanza kutaja waliofyeka pori. Shangazi alifumba macho. Rimu lilipolia na Babu akasema mpora, yeye akajibu kwa sauti, "Ee, tata," kama aliyeambiwa sasa hivi. Akasikiliza mpaka Babu alipofika kwa watoto wake, akalitaja jina lake yeye, akaliacha likae.

Hapo akanyoosha mkono.

"Zimeni sasa. Mtamaliza betri."

"Bibi, simu ina chaji ya kutosha," Kemi akamwambia Shangazi. "Tunaweza kuurudia hata mara kumi."

Nikamwambia azime.