Neno la Siri Lililosikika Buruburu Yote

Kuna watu mtaani kwetu Tena, Nairobi, ambao mpaka leo wakiniona wanakohoa kwanza halafu wanacheka, na siwalaumu, maana aibu yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu miwili, akili timamu.

Miaka ile ya tisini mimi ndiye niliyekuwa redio ya mambo ya teknolojia pale kwa kinyozi wetu, nasoma gazeti la jana (la leo lilikuwa na wenyewe) halafu nawatangazia watu kwamba siku si nyingi tutachemsha chai kwa umeme wa jua, kwamba stima ya mabwawa ni ya kizamani, na kwamba kuna wezi wanaingia kwenye kompyuta ya mtu wakiwa wamekaa kwao. Kompyuta yenyewe nilikuwa naigusa ofisini tu, mjini, nilikokuwa karani, lakini nani angejua.

Basi Mama Kioko, mwenyekiti wa karibu kila kamati ya Wakamba pale mtaani, akaniomba nimchapie programu za harusi ya mwanawe Kioko. Nikaiandika vizuri, halafu, kwa kuwa nilishajiaminisha wezi wako kila mahali (wa kuiba programu ya harusi, hebu fikiria), nikaifunga kwa neno la siri. Neno lenyewe nikalitoa moyoni: MWIKALI MKE WANGU. Mwikali ni dadake Kioko. Nilikuwa nampenda vibaya sana, na sikuwa nimemwambia hata nusu neno.

Alhamisi printa ikagoma. Ijumaa nilikuwa nimeomba ruhusa nisaidie kufunga turubai, kwa hiyo kazi ya kuchapa nikamwachia Otieno, mwenzangu wa ofisini. Saa kumi na nusu jioni niko kwenye kibanda cha simu Buruburu, nyuma yangu foleni ndefu, na wa kwanza kwenye foleni ni Mama Kioko, amekuja kuhakikisha, maana harusi ni kesho.

"Inaitisha neno," Otieno akasema.

Nikamnong'onezea.

"Sikusikii, laini ni mbaya."

Nikarudia, mdomo nimeufunika kwa mkono.

"Wewe, sema kama mwanamume, mdosi wetu ameshika funguo anataka kufunga ofisi."

Mama Kioko akanigusa bega. "Kijana, paza sauti akusikie. Mimi kesho nina wageni."

Nikaona ni mawili, iharibike harusi ya watu au niharibike mimi. Nikafunga macho, nikapaza sauti: "Mwikali mke wangu."

"Mwikali nani?"

"Mke wangu!"

"Na umeoa lini wewe?"

Otieno akasema imefunguka, anachapa, nami nikaweka simu chini polepole, nikabaki naiangalia kana kwamba ina kitu cha kuongeza. Mama Kioko hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mke wako," akasema taratibu, watu wote wakisikia. "Na zile mbuzi ulipeleka boma gani? Kwangu sijaona hata kwato." (Kwetu Ukambani msichana haitwi mke wa mtu kabla mbuzi hawajafika kwao, hata kwa utani.)

Mzee mmoja huko nyuma akasema soko la mbuzi la Kiamaiko si mbali, nikikimbia nitawapata kabla soko halijafungwa. Watu wakacheka mpaka wakashikana.

Harusini programu zilikuwepo, safi kabisa, na kila aliyepewa alinitazama mara mbili. Mwikali akanifuata kwenye sufuria za pilau. Hakuwa anacheka.

"Umeiambia kompyuta, umemwambia Otieno, umewaambia Buruburu yote," akasema. "Mimi ulikuwa uniambie lini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Na mimi, bingwa wa maneno kwa kinyozi, nikamwuliza kama ameshapata soda. Akanitazama kidogo, akasema ameshapata, akaenda zake.

Mwaka uliofuata mbuzi walifika kwa Mama Kioko, wa mwalimu mmoja wa Machakos, mtu wa maneno machache lakini aliyoyapeleka kwa Mwikali mwenyewe. Nimeapa, jambo la moyoni sitalifungia tena mahali. Nitalisema mapema, hata nikitetemeka. Programu ya harusi ya Mwikali na mwalimu wake nikaombwa niichape mimi, nikaichapa.