Walivyoniombea Nikiwa Mzima

Aibu hii nimekaa nayo miaka, na ninyi mkitaka kucheka chekeni tu, lakini mjue mimi mwenyewe sijawahi kuicheka, kila nikiikumbuka mkono unaniwasha nitafute mtu wa kumzaba kibao. Mimi, Marselina, mtu mzima mwenye akili zangu, niliombewa kanisani Karatu kama mtu anayekata roho, nikapakwa mafuta ya wagonjwa kwenye paji la uso, kaka yangu wa tumbo moja akagawa mali zangu mbele ya watu, na siku hiyo, jamani, sikuwa na hata mafua.

Kosa langu? Nilitaka kupumzika. Basi.

Ngoja niwaeleze vizuri. Miaka ile ya themanini mwanzoni, vita vimeisha na sabuni nayo imeisha, mimi nilikuwa mkuu wa usafi wa vyumba kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye baridi ile mnayoijua. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mgeni analala kama mtoto mchanga: shuka zimenyooka, chupa ya maji ya moto iko miguuni, asubuhi chai inamfuata kitandani. Akiamka anakaa kwenye baraza anatazama ukungu kutwa nzima, mikono mitupu, na hiyo anaiita likizo. Likizo yangu mimi ilikuwa kushuka Karatu na lori la hoteli nikapalilie maharage. Na kwa kuwa mume wangu alikufa mapema na watoto hatukujaliwa, kila mtu kwetu mwenye harusi, mgonjwa au mtoto wa kupeleka shule aliujua mlango wangu (kaka yangu Bura aliujua kuliko wote, angeweza kuufikia amefumba macho).

Sasa nilikuwa na rafiki, Mwalimu Annamma. Kwao ni Kerala, kusini mwa India, pwani kabisa. Alikuja huku kufundisha hesabu sekondari, akapanga nyumba jirani na yangu pale Karatu, tukashibana, na mkataba wake ulipoisha akarudi kwao kwa mumewe, kando ya bahari. Siku moja akaniandikia: njoo Marselina, tiketi nimeshakulipia, wewe leta mwili wako tu.

Mungu wangu! Tulipanga ile safari kwa barua mwaka mzima. Nisije wakati wa mvua zao, maana bahari inachafuka, nije mwezi wa kwanza. Asubuhi chai kwenye baraza, halafu ufukweni, halafu samaki wa kukaanga na wali wa nazi, halafu kulala, jioni tena ufukweni. Nikamuuliza, sasa mimi nitakusaidia kazi gani? Akajibu, hakuna. Nililisoma hilo neno nikaona haya kama mtu aliyetukanwa, halafu nikalisoma tena nikalia. Bahari sijawahi kuiona maisha yangu yote, zaidi ya picha kwenye kalenda ya hoteli.

Nikaamua nisimwambie mtu. Hapo ndipo nilipojipalia makaa mwenyewe. Nilijua nikisema naenda ng'ambo kila mmoja ataniagiza, huyu saa, yule kitenge, yule dawa ya upara, na Bura ataniagiza baiskeli nzima. Kwa hiyo nilimwambia meneja peke yake, na hata yeye nilimwambia kwa kifupi: naomba likizo yangu yote kwa mkupuo, nina safari ya India. Akanitazama, akainamisha kichwa, akasaini bila swali. Nikasema moyoni, kumbe mtu mwema! Kumbe hakuna wema wowote pale, alikuwa ananihurumia. Kwetu siku zile nani alikwenda India? Alikwenda mtu ambaye hospitali zote za nchi zimenyoosha mikono, mtu wa moyo au wa figo, na wengi wao walirudi kwenye sanduku. Mimi nilijua hivyo kama kila mtu, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa samaki wa kukaanga.

Kufika Karatu, wiki ya mwisho kabla ya safari, nikafanya kituko kingine. Nikasema, mimi kupumzika sijui, nitafika kule nitaanza kumfagilia mwenzangu uwanja, hebu nijizoeze. Nikatoa kiti cha uvivu, kile cha turubai alichoniachia Annamma, nikakitandaza mbele ya nyumba, kando ya barabara, nikakaa mchana kweupe nikanyoosha miguu. Sichambui maharage, sifumi, wala sina mtoto wa mtu mapajani. Nimekaa tu.

Hebu niambieni, mliona wapi mwanamke wa Karatu amekaa hivyo kabla ya jua kuzama? Hata aliyejifungua jana anachambua mchele. Mwanamke akionekana amekaa na mikono mitupu, watu wanajua moja kwa moja kwamba huyo amekwisha. Nami nilikaa siku ya kwanza, nikakaa ya pili, na ya tatu nikatoka zahanati kuchomwa zile sindano za chanjo za wasafiri, mkono ukavimba, nikakaa nimeufunga kwa kanga, najifunza kupumzika. Waliopita barabarani walikuwa wananisalimia polepole, kwa sauti ya chini. Mimi mjinga nikajibu kwa furaha.

Jumamosi wakaanza kuja. Huyu mayai, huyu maziwa, huyu kibuyu cha asali. Bibi Qwari, ajuza wa nyumba ya nyuma aliyekuwa na kuku mmoja tu wa kutaga, akaja na huyo kuku kwapani, akamweka miguuni pangu na kusema, "Kunywa mchuzi wake, mwanangu. Usimwache mtu mwingine anywe." Nikajua siri imevuja na sasa wananiaga. Nikaguswa, wallahi vile! Nikasema hawa watu niliwadhania vibaya, hawana wivu, wanafurahi mwenzao anakwenda kutembea. Nikawashukuru kila mmoja huku natabasamu, nao wakatoka nje wakifuta machozi na kuambiana (haya niliyajua baadaye) kwamba Marselina ameipokea hali yake kishujaa.

Basi ikafika Jumapili. Nikavaa gauni langu la maua nililoshona kwa ajili ya ufukweni, nikaenda misa. Kanisa limejaa mpaka nje, na wafanyakazi wenzangu wamekuja na lori la hoteli, meneja yuko benchi la mbele, pembeni yake msaidizi wangu Felisia amevaa kitambaa cheusi. Sikushtuka. Padri akasema, "Mwenzetu anayekabiliwa na safari ya India apite mbele." Nikapita! Nilitembea kama bibi harusi. Wanawake wakaniwekea mikono, Padri akanipaka mafuta, na mimi nikafikiri labda ndege ina baraka zake tofauti na basi. Kwaya ikaimba taratibu, mtu akaangua kilio kule nyuma, nikamtafuta kwa macho nijue nani amefiwa.

Ndipo Bura akasimama. Amevaa koti la suti, la marehemu mume wangu, nililompa mwenyewe.

"Ndugu waumini," akasema, "dada yangu hana mtoto, kwa hiyo mzigo ni wangu. Ng'ombe nitamchukua mimi. Shamba la chini atalilima mke wangu. Nyumba ya bati atakaa kijana wangu Paskali anayetaka kuoa, tusiiache ikaingia popo. Dada akirudi, Mungu akipenda, tutazungumza."

"Nikirudi kutoka wapi?" nikauliza.

"Dada, usijichoshe."

"Bura! Nikirudi kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye matibabu," akasema kwa upole, na akaja kunishika kiwiko ili nisianguke.

Jamani. Nilihisi damu imenipanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Kiwiko nilikichomoa hivi, nikamgeukia yeye na kanisa zima, na mafuta yananitiririkia puani, nikapiga kelele mpaka walioko nje wakasikia: "Siumwi! Nani kawaambia naumwa? Mimi ni mzima kuliko ninyi nyote! Naenda India kupumzika! Nakwenda kukaa ufukweni na kula samaki, na ng'ombe wangu ole wake atakayemgusa!"

Padri ameshika kichupa chake cha mafuta hajui akifunge au akiache wazi. Halafu mama mmoja wa benchi la pili, bila ubaya wowote, akauliza, "Kupumzika kutoka nini?"

Swali hilo lilinichoma kuliko koti la Bura. Na kabla sijamjibu, lawama zikaanza upande wa wanaume. "Sisi tunashinda foleni ya sukari, yeye anakwenda kuogelea!" "Nimemletea asali, mtu anayekwenda kustarehe!" "Na alivyotuchekea jana!" Waliokuwa wananililia dakika ile ile wakawa wananisonya. Nikawaambia, mimi sikuwaambia naumwa! Wakasema, wala hukusema huumwi. (Nilikuwa nimeulizwa? Nani aliniuliza? Walininong'ona wiki nzima, hakuna aliyefungua kinywa aniulize, Marselina, unakwenda kufanya nini. Hili mpaka leo sijawasamehe.)

Tukatoka nje. Meneja akanivuta pembeni, uso umekunjamana. "Mama Marselina, mimi nilisaini ruhusa ya mgonjwa, na nafasi yako nimeshampa Felisia aishikilie. Mtumishi mzima kwenda kustarehe ng'ambo wakati huu, wakubwa wakiniuliza nitajibu nini? Siwezi kukuruhusu."

"Kwa hiyo nikiwa mgonjwa naruhusiwa?"

"Ukiwa mgonjwa, hata leo. Lori hili hapa litakupeleka Arusha."

Watu walikuwa wametuzunguka, wanasikia. Na Bura, ndugu yangu, akaninong'oneza sikioni, "Sema basi unaumwa kidogo. Si wanakuuliza tu? Sema kifua."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Neno moja tu. Nikisema kifua, bahari ninayo, baraza ninayo, samaki ninao, Annamma ananisubiri na mwavuli uwanja wa ndege. Wote watanipungia mkono na kuniombea tena. Nikamtazama Bura na lile koti. Nikamwona Bibi Qwari amesimama na fimbo yake, hanisonyi, ananitazama tu, na kuku wake wa pekee amefungwa kamba jikoni kwangu. Nikafikiri, kumbe hawa watu wako tayari kunipeleka India nife, wakanichangie na kuku, lakini niende nikiwa hai nikanyooshe miguu hawawezi kulimeza.

"Siumwi kifua," nikasema. "Siumwi popote."

Lori likarudi Ngorongoro na mimi nimo ndani, nimekaa juu ya magunia ya viazi na gauni la ufukweni, na kesho yake asubuhi nilikuwa natandika kitanda cha Mdachi. Tiketi ilikufa. Annamma aliandika nijaribu mwakani, lakini mwakani mumewe alipata kiharusi, wakahamia bara kwa mtoto wao, na ile nyumba ya baraza ikauzwa. Bahari mpaka leo naijua kwa kalenda.

Watu wananiambia ningesema tu. Usiku mwingine na mimi najiambia ningesema tu, halafu nakumbuka "tusiiache ikaingia popo", hasira inanipanda upya.

Wiki ile ile nilipowarudishia watu vitu vyao, Bibi Qwari alimkataa kuku wake. Alikuja kwangu siku yangu ya mapumziko, akanikuta nimekitoa kile kiti tena, pale pale kando ya barabara, maana niliapa kwamba kama Kerala wameninyima, basi Karatu watanitazama nikipumzika mpaka macho yawaume. Akakaa kwenye kigoda pembeni yangu, akaweka fimbo chini, akakunja mikono.

"Hivi ndivyo mngefanya kule?"

"Hivi hivi, bibi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Akajaribu. Akatazama barabara, akatazama mikono yake, akaanza kuokota majani makavu kwenye kanga yake, akajikamata, akaiacha mikono tena. "Kazi ngumu hii," akasema.

Ameshatangulia mbele za haki. Kiti bado ninacho, turubai lake nimebadilisha mara nyingi, na kila ninapokuwa nyumbani nakaa hapo saa saba mchana, mikono mitupu, watu wakitoka sokoni. Na nimeapa, safari yangu nyingine yoyote, hata ya kwenda Mbulu kusalimia, nitaitangaza mwenyewe kanisani kwa mdomo wangu kabla mtu hajanifikiria. Wapo bado wanaosimama, wageni wa mtaa hasa, na kuniuliza kwa ile sauti ya chini, "Pole mama, unaumwa?"

"Ndiyo," nawaambia. "Mnaniumiza ninyi. Piteni."